Je, Wajua? Gololi Inayoshika Gurudumu la Pikapu

Barabara nyingi za upande wa Hulugho, kule kaunti ya Garissa inakopakana na Somalia, hazijaonja lami. Kiangazi ni mchanga na vumbi; mvua ikija, udongo mweusi unanasa tairi, kisha ukikauka unaacha makorongo magumu. Pikapu inayopita hapo na mitungi ya maji, magunia ya unga, mbuzi na abiria juu yake hupigwa kila hatua. Sehemu kubwa ya kipigo hicho, upande wa mbele, hupitia kitu kinachoenea kiganjani. Mafundi hukiita boljointi.

Gurudumu la mbele lina kazi mbili kwa wakati mmoja: lipande na kushuka kufuata barabara, na ligeuke kufuata usukani. Bawaba ya kawaida haiwezi yote mawili. Gololi ya boljointi inaweza. Ni tufe la chuma lililong'arishwa, lenye mkia wenye nyuzi za nati, limekaa ndani ya kikombe chake kama kichwa cha paja kinavyokaa kwenye nyonga. Kati yake na kikombe kuna grisi, na juu yake kifuniko cha mpira. Gari la kwanza la Kimarekani kutumia gololi hizi kwenye suspensheni ya mbele lilikuwa Lincoln ya 1952. Kabla ya hapo magari ya huko yalitegemea kingpini, pini nene iliyosimama ambayo gurudumu hugeukia.

Hilux zilizotoka kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zina boljointi mbili kila upande, ya juu na ya chini. Kwa kuwa springi imekaa juu ya mkono wa chini, yaani chuma kinachounganisha gurudumu na chasi, boljointi ya chini ndiyo inayobeba mzigo, na ya juu huongoza tu. Ya chini ikichomoka, gurudumu hulala na kona ile ya gari huanguka chini. Hakuna breki wala usukani wa kukuokoa.

Hapa Land Cruiser pikapu, ile ya polisi na ya hospitali, inawachanganya wengi. Ukichungulia nyuma ya gurudumu lake la mbele utaona tufe kubwa lililopakwa grisi, na utadhani hiyo ndiyo boljointi ya mababu. Siyo. Ekseli yake ya mbele ni nzima, na gurudumu hugeukia kwenye beringi mbili za kingpini, moja juu na nyingine chini, huku tufe lile likificha jointi inayozungusha gurudumu. Gololi ndogo zimo kwenye fimbo za usukani tu, kama tairodi. Fundi akikuambia boljointi za gari hilo zimekwisha, muulize anazungumzia ipi.

Watu husema mashimo ndiyo huua boljointi. Mimi nalaumu vumbi zaidi. Mpira wa kifuniko ukichanika, mchanga huingia kwenye grisi, na grisi yenye mchanga hailainishi tena, inasaga. Kidimbwi kimoja kikiongeza maji, kutu huanza juu ya tufe. Uso wa gololi haustahimili hata mkwaruzo: mwaka 2005 Toyota iliagiza mamia ya maelfu ya pikapu na magari makubwa ya familia yarudishwe kukaguliwa nchini Marekani, kwa shaka kwamba tufe za boljointi za chini zilikwaruzwa kiwandani.

Dalili huja kwa sauti ya kugonga kwenye mashimo, usukani unaotangatanga, na tairi linaloliwa upande mmoja. Kuhakikisha, jeki huwekwa chini ya mkono wa chini ili boljointi ipumue, kisha mtaimbo hupitishwa chini ya tairi na kuinuliwa. Macho yawe kwenye jointi, si kwenye tairi.

Kuibadilisha ni kazi ya subira na nyundo nzito. Jeki ibaki chini ya mkono wa chini muda wote, kwani springi iliyobanwa ikiachiwa ghafla inaweza kuvunja mguu wa mtu. Breki ifungwe kwa waya, isining'inie kwenye paipu yake. Pini inayofunga nati hutolewa, nati hulegezwa lakini huachwa kwenye nyuzi chache. Mkia wa gololi ni mwembamba upande mmoja na umejikaza tunduni, kwa hiyo fundi mzuri hapigi mkia. Hupiga ubavu wa chuma kilichoushika, mara mbili tatu kwa nguvu, hadi usikie mlio wa kuachia. Anayepiga mkia huharibu nyuzi na hupoteza mchana mzima. Wakati wa kufunga mpya, tundu la pini lisipolingana na nati, nati hukazwa zaidi hadi lilingane. Kuirudisha nyuma ni kosa.

Baadaye magurudumu yapangwe upya. Penye fundi asiye na mashine, uzi uliovutwa kandokando ya tairi za nyuma na mbele unaweza kukurudisha mjini, lakini hauoni ulalo wa gurudumu.

Spea zinapatikana Kirinyaga Road, Nairobi, halisi na feki pamoja. Kabla ya kuvuka daraja la Garissa, lala chini ya gari na upapase mipira yote minne ya boljointi kwa kidole. Ukikuta mmoja umechanika na grisi yake ina chembechembe, badilisha boljointi hiyo papo hapo, hata kama haijaanza kugonga.