Samaki Kujikuna Tangini: Ufafanuzi wa Dalili kwa Muktadha wa Hanga, Songea

Samaki hana kiungo cha kujikunia. Anapowashwa ngozi au matamvua, hugeuka ubavu na kujisugua kwa kasi kwenye jiwe, changarawe au kioo cha tangi. Kitendo hicho ni dalili, wala si jina la ugonjwa. Mfugaji anayekimbilia dawa kabla ya kutofautisha mambo hayo mawili huweza kumuua samaki ambaye maji safi yangemtosha.

Mfano unaofaa unapatikana ndani ya Mkoa wa Ruvuma kwenyewe. Miamba ya Ziwa Nyasa, hususan upande wa Liuli na Mbamba Bay, ni makazi ya mbuna, samaki wadogo wenye rangi za kuvutia wanaofugwa katika matangi ya kioo sehemu nyingi duniani. Hata hivyo, si kila mbuna anayegusa jiwe anajikuna. Labeotropheus fuelleborni, aliyeelezwa kisayansi na Ahl mwaka 1926, ana kinywa kilicho chini ya pua, hivyo hula miani akiwa amelala karibu sambamba na mwamba. Kigezo cha kuaminika ni sehemu ya mwili inayogusa jiwe: anayekula hutanguliza kinywa, anayejikuna hutanguliza ubavu. Aidha, kujisugua mara moja moja kwa samaki mwenye afya si jambo la kutisha.

Kujikuna kunaporudiwa, na hasa kunapoonekana kwa samaki wengi kwa wakati mmoja, maji ndiyo yachunguzwe kwanza. Amonia hutokana na kinyesi, mkojo na mabaki ya chakula. Katika nyuzi joto 25 za Sentigredi na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote huwa katika umbo la sumu. pH ikifika 8.2, kiwango hicho hukaribia asilimia 8. Mbuna wamezoea maji yenye pH ya juu, kwa hiyo uchafu ambao perege angeuvumilia katika maji ya pH ya wastani huweza kuwachoma matamvua. Klorini ya maji ya bomba nayo huwasha.

Maji yakithibitika kuwa salama, ndipo vimelea vishukiwe. Ichthyophthirius multifiliis husababisha madoa meupe mithili ya chembe za chumvi, lakini kikijificha kwenye matamvua pekee, samaki hujikuna bila doa lolote kuonekana. Kimelea hiki hukomaa chini ya ngozi, huanguka, hujigawa sakafuni, kisha vizalia vyake huogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa nyingi huua hatua hii ya kuogelea tu. Kilichomo chini ya ngozi hubaki salama.

Hapo ndipo hali ya hewa ya Songea inapokuwa na uzito. Katika nyuzi 25 mzunguko huo hukamilika kwa takribani wiki moja; katika nyuzi 10 huweza kuzidi mwezi. Tangi lisilopashwa joto huko Hanga mwezi Juni au Julai hurefusha mzunguko, na idadi ya siku za tiba inayotosha Dar es Salaam haitoshi huko. Madoa yakitoweka siku ya tatu, dawa haipaswi kukatishwa.