Mjukuu wa Daramumba

Ukifika Kasongo au Kabambare, huku kwetu Kongo, ukiwa mgeni, kabla ya kuulizwa kazi yako mzee atataka kujua: mama yako ni wa wapi, na ndugu zake ni akina nani? Usidhani ni udaku. Unatafutiwa pa kukaa. Huyu utamwita mjomba, yule shemeji, na yule wa kule ni mkwe wako, mbele yake usicheke ovyo.

Mgeni mmoja kutoka Unguja aliijua njia hii kupita wenyeji wengi. Ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alikuwa akielekea Utetera, upande wa mto Lomami. Njiani akasikia kisa cha mtawala wa huko, Kasongo Rushie (msimchanganye na mji wetu). Zamani, vitani, dada zake wawili, Daramumba na Kitoto, walitekwa wakapelekwa nchi ya Urua. Hawakurudi.

Mtu mwingine angesema pole akapita. Tippu Tip aliuliza majina, akayashika. Alipofika kwa Rushie akajieleza: babu yangu, Habib bin Bushir, alimnunua Daramumba huko Urua, naye ndiye aliyemzaa mama yangu. Mimi ni mjukuu wa dada yako!

Uongo mtupu, na mwenyewe alikuja kuusimulia bila haya katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili. Mzee alimpokea kama damu yake, akamwachia utawala, na pembe zikaanza kumfuata.

Wengi husema Rushie alidanganywa. Mimi nina shaka. Mzee aliyezungukwa na maadui amepata mjukuu mwenye bunduki. Kwa nini amchunguze sana? Wafanyabiashara nao walijua faida ya ukwe: Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, na njia ya kwenda bara ikawa nyepesi kwake.

Lakini msimsahau Daramumba mwenyewe. Katika nchi hii wasichana wengi walichukuliwa kama yeye, wakawekwa nyumbani kwa wanaume waliowanunua. Wakipigwa, wangemkimbilia nani? Hapakuwa na kaka wa kuja kuuliza, wala shangazi wa kuwarudisha kwao.

Ndiyo maana sipendi kusikia mali ya ndoa ikiitwa bei. Aliyemnunua mateka alimlipa mtekaji, mambo yakaishia hapo. Anayeoa analeta mali mbele ya watu wanaolijua jina la msichana tangu alipozaliwa, baba zake wadogo na wajomba zake, na watu hao wana haki ya kumwita mkwe siku yoyote, wakae chini, wamwulize.

Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 nayo inaitambua mali: mwanaume na jamaa zake wanapaswa kukubaliana na wazazi wa msichana. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2016. Kwa sheria hiyo sasa, msichana akiwa hajatimiza miaka 18, hata mbuzi wakijaa ua mzima, hakuna ndoa.