Aliye Chini Hupokonywa Nyonga Kwanza

Mieleka ya vyuo vikuu vya Marekani si ile ya televisheni ya kuvunjiana viti mgongoni. Hapa hakuna maigizo, na kuna saa ambayo mieleka ya Olimpiki haina. Ukimwangusha mwenzako ukamdhibiti akiwa chini, sekunde zako zinahesabiwa. Naye akikugeuzia kibao, zako zinaanza kupungua. Mwisho wa pambano la dakika 7, aliyemzidi mwenzake kwa dakika nzima au zaidi huongezewa pointi 1. Kumkalia mtu asiyetaka kukaliwa, basi, kuna malipo, na malipo hayo ndiyo yaliyoukuza ufundi wa kuingiza mguu.

Mtu wa chini amepiga magoti, viganja vyake vikiwa mkekani. Aliye juu amemlalia mgongoni. Mguu wake mmoja unapita juu ya nyonga ya mpinzani, unashuka kati ya mapaja, kisha wayo unanasa muundi karibu na kifundo. Macho ya watazamaji huishia hapo, kwenye wayo. Kazi yenyewe lakini iko juu zaidi: aliyeingiza mguu anasukuma nyonga zake mbele mpaka zibane kiuno cha mwenzake, huku akilivuta paja lililonaswa kwenda nyuma. Mgongo wa aliye chini unapinda, tumbo linakaribia mkeka.

Kwa nini mtu mwenye nguvu za kuinua chuma kizito ashindwe kusimama kutoka hapo? Kusimama kunaanza kwa kuleta magoti chini ya nyonga. Hapo misuli ya makalio, iliyo mikubwa kuliko yote mwilini, inakuwa imevutika kiasi na iko tayari kusukuma. Paja likiwa limekwisha kuvutwa nyuma, misuli hiyo imejikunja tayari, na msuli uliofupika kupita kiasi hutoa nguvu kidogo mno. Kwa hiyo aliye chini hajanyang'anywa nguvu zake; amewekwa mahali ambapo hawezi kuzitumia.

Halafu kuna suala la uzito. Mguu mzima wa binadamu ni takribani asilimia 16 ya uzito wake. Mkono ni asilimia 5 tu. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kilo 11 dhidi ya kilo 3 na nusu. Anayepigana na mguu kwa mkono ameingia vitani na jeshi dogo. Mikono ya aliye juu, nayo, ingali huru, na huenda moja kwa moja kwenye kwapa na shingo ili kukizungusha kifua upande mmoja wakati nyonga zimefungwa upande mwingine. Mwili hauwezi kuvumilia msokoto huo kwa muda mrefu. Bega linafuata, kisha mgongo unaangalia mkeka. Lakini mwamuzi husimamisha pambano akiona kiungo kinapindishwa kwa hatari.

Zain Retherford wa Penn State, bingwa wa vyuo mara tatu mfululizo kuanzia 2016 hadi 2018, aliogopwa hasa alipokuwa juu. Wapinzani wake walijua kinachokuja. Kujua hakukuwasaidia sana.

Kinga bora ni ya kabla mguu haujaingia: kiwiko kikae karibu na goti, pasiwe na upenyo. Kosa kubwa la wanaoanza ni kupeleka mkono nyuma kuukamata mguu kwa pupa. Kwapa linabaki wazi, na aliye juu alikuwa anangoja hilo hilo. Mguu ukishaingia, mtu wa chini alalie nyonga ya upande ulionaswa, ili tumbo la mwenzake lipoteze mgongo wa kulalia. Kisha aubandue wayo kwa kushika vidole, si kifundo. Vidole viko mwisho wa wenzo, na nguvu kidogo pale hufanya kazi kubwa.

Njia nyingine ni ya ujasiri: kujiinua kwa viganja na nyayo, nyonga juu, kichwa chini. Mtu wa juu anafanana na gunia la mkaa kwenye baiskeli iliyoinuliwa gurudumu la nyuma: linateleza kuelekea usukani. Akishafika mabegani, hana tena nyonga ya kubana.

Aliye juu naye anachoka. Msuli uliokazwa bila kulegea huibana mishipa ya damu inayoulisha, na mapaja ya ndani huanza kuwaka moto. Mjuzi hukaza, akalegeza, akakaza tena pale tu mwenzake anapojaribu kuinuka.

Katika mtindo huru wa Olimpiki ufundi huu hauna soko kubwa. Usipomgeuza mtu haraka, mwamuzi anawasimamisha. Hata Marekani mizani imeyumba: tangu msimu wa 2023/24 kumwangusha mtu kunalipa pointi 3 badala ya 2, wakati dakika ya kukaa juu bado inalipa ile ile 1. Wapo wanaotaka hata hiyo ifutwe, wakidai kuning'inia mgongoni mwa mtu ni uvivu. Uvivu upo, na mwamuzi ana onyo la kuuadhibu. Lakini pointi yenyewe mimi ningeiacha. Ikiondoka, aliye chini atakuwa na sababu ndogo zaidi ya kuhangaika kutoka. Huenda akajilaza kifudifudi, asubiri kengele.