Mamba dume au jike? Uliza mchanga

Kwenye kingo za Lualaba upande wa Kasongo, na za Luama inayopita Kabambare kwenda kuungana nayo, mamba jike huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo hamsini, huyafukia, kisha hukaa kuyalinda kwa takriban miezi mitatu. Siku ya kutaga, jinsia ya watoto bado haijaamuliwa. Mamba hana kromosomu za jinsia kama sisi. Kinachoamua ni joto la mchanga, hasa katika theluthi ya kati ya muda huo.

Kwa mamba wa Nile, joto likiwa chini ya takriban digrii 31, karibu wote hutoka majike. Likiwa kati ya 32 na 34, madume huwa wengi. Likipanda zaidi, majike hurudi. Mfanyakazi wa ndani ni kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kinachogeuza homoni za kiume kuwa za kike: kikiwa kingi ovari huota, kikiwa haba huota korodani. Ndiyo maana shimo moja laweza kutoa dume na jike. Mayai ya juu hupata joto la jua zaidi kuliko ya chini, na ukikata mti uliokuwa ukikitia kiota kivuli, umeingilia hesabu bila kujua.

Ugunduzi wenyewe ulifanyika Afrika, tena kwa mjusi. Mwaka 1966, huko Dakar, Madeleine Charnier alionyesha kwamba joto hubadili uwiano wa madume na majike wa agama, yule mjusi ambaye dume lake huvaa kichwa cha rangi ya chungwa na kutwa hutikisa kichwa ukutani.

Lakini usimpime kila mtambaazi kwa kipimo cha mamba. Kenge, kinyonga na nyoka hurithi jinsia kwa wazazi. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba kwa nyoka wote jike ndiye mwenye kromosomu mbili tofauti, kama kuku; mwaka 2017 ikabainika kuwa kwa chatu ni dume, kama kwa binadamu. Kuna hata wa kati: mjusi mwenye ndevu wa Australia, kipenzi cha wafugaji wa Ulaya na Marekani, ana kromosomu zake, ila yai la dume likiatamiwa kwenye joto la zaidi ya digrii 32 laweza kutoa jike kamili, mwenye kutaga.

Kwa hiyo anayekuuzia chatu akijigamba kwamba amepanga jinsia kwa inkubeta, mwache na bei yake. Anayeuza mjusi wa madoa ya chui kutoka Asia aweza kusema kweli: digrii 26 humpa majike, 32 na nusu madume wengi.

Na anayejaribu mwenyewe asiige wafuga kuku. Yai la kuku hugeuzwa kila siku. La mamba au kobe huwekewa alama ya penseli juu na kuachwa lilivyolala, kwa sababu kiinitete hujishika kwenye ganda mapema, na ukiligeuza waweza kukiua.