Lubumbashi: Kabla ya kumtumia mama mzee kikaango cha hewa, tazama kwanza mikono yake na prizi yake

Mashine iko sebuleni, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mtoto aliye Ubelgiji aliituma kwa mama yake mjane anayekaa peke yake Katuba ao Ruashi, ili aachane na moshi wa makala. Mama alishukuru, akamwombea mtoto baraka, akaiweka mahali wageni wataiona. Kisha akarudi uani kuwasha mbabula. Picha hiyo si ngeni kwa familia za Lubumbashi zenye watoto ng'ambo, na mara nyingi kosa si la mama.

Kikaango cha hewa, ambacho wauzaji wanakiita kwa Kifaransa friteuse sans huile, kina waya wa moto na feni kwa juu. Feni inazungusha hewa ya moto, hata kufikia nyuzi 200, kuzunguka chakula kilicho ndani ya kikapu. Kampuni ya Philips ilianza kukiuza Ulaya mwaka wa 2010, na leo kinatengenezwa na viwanda vingi, kwa bei na ubora wa kila aina.

Sababu ya kukitafuta si starehe. Mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya usiku inapobana, kuna wazee wanaoingiza mbabula ndani ili wapike na kuota moto kwa pamoja, mlango umefungwa. Makala yanayowaka bila hewa ya kutosha yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, mtu analala. Anayekaa na wengine anaweza kuamshwa. Anayekaa peke yake hana wa kumwamsha. Tena kuna resho ya umeme yenye waya wazi, na sufuria ya mafuta ya moto juu yake, mbele ya mtu ambaye magoti hayamshiki vizuri. (Kikaango hakipashi nyumba joto. Anayetaka mbabula ibaki nje atume pia blanketi nzito.)

Lakini swali la kwanza haliko dukani. Ni kumuuliza mama: wiki iliyopita ulikula nini? Kikaango cha hewa kinaiva vizuri samaki, kuku, viazi, viazi vitamu, makemba, hata mihogo iliyochemshwa kwanza. Hakisongi bukari. Hakipiki sombe wala maharage, kwa sababu vyakula hivyo vinataka maji na muda. Kama siku tano kati ya saba mama alikula bukari na sombe, pesa hiyo ingemsaidia zaidi kwa kununua sufuria ya umeme ya kuivisha kwa mvuke, ao resho nzuri yenye sahani iliyofunikwa. Kama anapenda samaki wake wa kukaanga na makemba jioni, hapo kikaango kina kazi.

Baada ya hapo ndipo vitufe vinaanza kuwa na maana. Mashine zinazovutia macho zina kioo cha kugusa, picha ndogo nane ao kumi, na maandishi ya Kiingereza. Kijana anazipenda. Kwa mzee mwenye mtoto wa jicho, taa hizo ni ukungu, na kidole kikavu mara nyingine hakisomwi na kioo. Kilicho rahisi kwake ni mashine yenye vifundo viwili tu vya kuzungusha: kimoja cha moto, kingine cha dakika. Namba ziwe kubwa na nyeusi. Mjukuu anaweza kuweka tone la rangi nyekundu ya kucha penye 180, na lingine penye dakika 20. Mama hatahitaji kusoma tena. Atafuata alama nyekundu.

Vifundo vina faida nyingine katika mji ambao umeme unakatwa kwa zamu. Mashine nyingi za kioo cha kugusa husahau kila kitu umeme ukikatika, na lazima kuanza upya. Ile ya vifundo, saa yake mara nyingi ni ya springi: inaendelea kutembea hata bila umeme, kengele inalia kwa wakati wake, na samaki bado ni mbichi ndani. Inaudhi, ni kweli. Lakini umeme ukirudi saa saba ya usiku, mama akiwa usingizini, saa hiyo imekwisha kufika kwenye sifuri na mashine haiwaki. Kwa mtu anayekaa peke yake, hilo ni jambo la maana kuliko samaki mbichi. Ukiwa dukani, zungusha kifundo cha dakika kabla ya mashine kuchomekwa: kikilia tik-tik kama saa ya mezani, ni springi.

Kisha mikono. Mtu mmoja anatosheka na kikapu cha lita 2 ao 3. Kile cha lita 6 ni kizito, na kikijaa kinamlazimu mzee kutumia mikono miwili pamoja na mgongo. Mshikio uwe mpana, usiopata moto, na kikapu kitoke kwa kuvutwa tu, bila kitufe kidogo cha kubana kwa kidole gumba. Mwenye ugonjwa wa viungo atashindwa hapo hapo. Kikapu kikivutwa, mashine inapaswa kuzima yenyewe.

Jambo ambalo watoto wa ng'ambo wanalisahau zaidi ni ukuta. Kongo inatumia volti 220. Mashine iliyonunuliwa Ubelgiji itafanya kazi. Ile ya Marekani, iliyotengenezwa kwa volti 120, itaungua siku ya kwanza. Kikaango cha kawaida kinavuta wati 1400 hadi 1700, yaani karibu ampea 7. Hakifai kuchomekwa kwenye ralonji nyembamba inayolisha pia friji na televisheni. Panele ndogo ya jua ya kuwasha taa na kuchaji simu haikiwezi, wala jenereta ndogo ya wati 700. Na umeme ukishuka hadi volti 160, jambo ambalo mkaaji anaweza kulijua kwa taa zilizofifia, joto la mashine linabaki karibu nusu. Mama asidhani amekosea, aongeze dakika. Kabla ya kutuma mashine, lipa fundi wa umeme aangalie prizi moja ya jikoni na waya wake. Kazi hiyo inaweza kuwa ya lazima kuliko mashine yenyewe.

Kuna pia swali la jivu na mchanga. Mama aliyelelewa kwamba sufuria safi ni ile inayong'aa atasugua kikapu kwa nguvu zote, na ngozi nyeusi ya ndani, ile inayozuia chakula kushika, itatoka. Ni sponji laini na sabuni tu, kikapu kikiwa kimepoa. Jambo hilo aambiwe kwa heshima, kwa sababu unagusa kitu anachokijua kuliko wewe.

Kumfundisha kunataka siku tatu, si simu moja ya video. Siku ya kwanza mjukuu anapika, mama anatazama. Siku ya pili mama anapika, mjukuu anasaidia. Siku ya tatu mjukuu anakaa kimya, mikono nyuma, hata mama akikosea. Mashine ibaki mezani penye kimo cha kiuno, mbali na pazia, nafasi ya kiganja kimoja nyuma yake kwa ajili ya hewa ya moto, na isiwekwe juu ya nape ya plastiki.

Penye mita ya kulipia mbele, kuna namba ndefu ya kuingiza kila umeme unapoisha. Macho yaliyoshindwa na kioo cha kugusa yatashindwa na namba hiyo pia. Familia ipange mapema ni nani atakayepita kila Jumamosi kuiingiza, na akifika, anusie pia jikoni kama kuna harufu ya waya unaoungua.