Fahamu: Jaji wa filamu hupatikanaje?
Chai ya Kericho na Bomet inayokwenda mnadani Mombasa huonjwa na watu walionoa ulimi kwa miaka. Majaji wa tamasha la filamu nao hualikwa kwa sababu ya kazi walizokwisha kufanya.

Kwa mfano, mwongozaji Nadine Labaki wa Lebanon alionyesha filamu yake Caramel kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka 2007. Mwaka 2015 alikuwa jaji wa kitengo cha Un Certain Regard, pamoja na Haifaa al-Mansour wa Saudia. Filamu yake Capernaum ikampa Tuzo ya Majaji 2018, mwaka ambao filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu iliiingiza Kenya Cannes kwa mara ya kwanza. Labaki aliongoza jopo la kitengo kile 2019, kisha 2024 akaketi kwenye jopo kuu. Wanaoketi kwenye kiti hicho huamua filamu ipi itatuzwa, na watengenezaji filamu wetu wa Kenya wanakistahili.