Umemeza Piritoni Leo?

Tunduma kila mtu ana aleji. Dereva aliyekwama kwenye foleni ya malori ya Nakonde ana aleji ya vumbi, mama lishe ana aleji ya moshi, mtoto wa jirani ana aleji ya dagaa. Dawa yao ni moja: piritoni ya duka la dawa.

Nyingi ya aleji hizo si mzio. Vumbi la barabarani na moshi wa dizeli hukereketa pua ya mtu yeyote. Mzio ni kinga ya mwili kumkosea adui: mwili unatengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya kitu ambacho wengine hakiwadhuru, na siku kitu hicho kikirudi, seli humwaga histamini. Hapo macho yanawasha, pua inatiririka, ngozi inaumuka. Chafya ni ileile, tiba ni mbili tofauti.

Ndiyo maana daktari anayeijua kazi yake hakimbilii sindano. Tuchukue mgonjwa wa mfano, mama anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa huko Mbozi.

“Shikamoo dokta.”

“Marahaba mama, pole na safari. Hizo chafya, Jumapili unazipiga?”

“Jumapili hapana. Ila Jumatatu, saa nne haijafika, nimeshalowanisha kitambaa.”

Jibu hilo nalipa uzito kuliko kipimo chochote. Vumbi la kahawa mbichi linajulikana siku nyingi kwa kuwaletea wafanyakazi wa viwandani mzio na hata pumu. Angesema chafya zinamjia usiku kitandani, ningeuliza habari za godoro, maana humo huishi utitiri, vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyokula magamba ya ngozi yetu. Kinyesi chao ndicho kinachochokoza pua. Mende nao wamo.

Kipimo huja baada ya maswali, na kazi yake ni kuthibitisha. Upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, hudondoshwa matone madogo yaliyopangwa kwa alama za kalamu: la utitiri, la mende, la chavua ya nyasi. Tone moja ni histamini, jingine maji ya chumvi. Kila tone hutobolewa kidogo kwa kijisindano, damu haitoki. Mnasubiri dakika 15 hadi 20. Penye mzio panaibuka kivimbe kama cha kuumwa na mbu. Kikizidi cha maji ya chumvi kwa milimita 3, tunakihesabu.

Sasa, piritoni. Kazi yake ni kuizima histamini, kwa hiyo aliyeimeza jana hata lile tone la histamini halivimbi, na kipimo kizima kimeharibika. Dawa za jamii hiyo, setirizini ikiwemo, kwa kawaida husimamishwa kama wiki moja kabla, kwa maelekezo ya daktari. Dawa nyingi za mafua zina piritoni ndani, soma pakiti. Dawa ya pumu ya kuvuta usiiache.

Mabingwa wa mzio pekee ni wachache mno nchini. Kazi hii huifanya zaidi madaktari wa pua na koo, wa ngozi, wa kifua na wa watoto. Njia ya rufaa inapita hospitali ya mkoa pale Vwawa, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kilomita zipatazo 100 kutoka Tunduma. Piga simu uulize kama kipimo kipo kabla ya kukata tiketi.

Kuhusu vipimo vya damu nina neno. IgE ya jumla hupandishwa pia na minyoo na kichocho, kwa hiyo huku kwetu ikiwa juu haithibitishi mzio. Na ile karatasi ndefu yenye vyakula 30 siipendi kabisa. Mtoto anakula yai kila wiki bila shida, karatasi inasema yai, basi ananyimwa yai.

Tiba ya mafua ya mzio mara nyingi ni dawa ya kupulizia puani, kila siku kwa wiki kadhaa, ukielekeza ncha upande wa sikio, si katikati ya pua. Ipo pia tiba ya kuuzoesha mwili kwa sindano, iliyoanzia London mwaka 1911 kwa Leonard Noon. Huchukua miaka 3 hadi 5. Lakini mtu akiumwa na nyuki au akichomwa penisilini, kisha koo likabana na akaishiwa nguvu, piritoni haina kazi hapo. Ni adrenalini, kwenye msuli wa paja, mara moja.

Mama wa kahawa ana swali la mwisho. “Kwa hiyo niache kazi, dokta?”

Namwandikia barua kwa msimamizi wake: barakoa inayokaza usoni, na kama nafasi ipo, ahamishwe kutoka kwenye mashine kwenda kwenye mizani ya nje.